Ngome Ndani ya Sarafu

Mnamo mwaka 2006, Hungaria ilitoa sarafu ya madini ya fedha, yenye thamani ya forinti 5,000, kuadhimisha Ngome ya Munkács. Naiita ngome, wala si kasri, kwa kuwa sifa yake imetokana na kuhimili mzingiro: tangu 1685 hadi 1688 Ilona Zrínyi aliilinda dhidi ya majeshi ya Habsburg. Hata hivyo, ngome hiyo haimo Hungaria. Mkataba wa Trianon wa 1920 uliiacha mikononi mwa Chekoslovakia, na tangu 1991 imo katika Ukraini huru, ikiitwa Palanok. Basi tuisomapo sarafu ya ukumbusho, hatuna budi kuuliza: aliyeitoa anakumbuka nini, na jirani yake anaelewa nini?