Uzito wa Watoto wa Shule Nchini Uingereza

Mwanzoni mwa karne ya 20, shule za Uingereza zilihangaika na watoto waliokonda. Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 vilifichua vijana wengi dhaifu wasiofaa jeshini, na sheria ya 1906 ikaruhusu serikali za mitaa kuwalisha wanafunzi. Mjini Bradford, mwaka 1907, watoto waliopewa chakula shuleni waliongezeka uzito, kisha likizo ilipofika wakapungua tena. Mizani ilisema wazi kwamba nyumbani hapakuwa na cha kutosha, jambo la kuhuzunisha katika nchi tajiri kiasi hicho. Maziwa ya bure kwa wanafunzi yalifuata mwaka 1946.

Baadaye mizani ikaelemea upande wa pili. Sheria ya 1980 iliondoa viwango vya lishe shuleni; chipsi na soda zikatawala. Upimaji wa kitaifa wa England, ulioanza 2005/06, umekuta takriban mtoto 1 kati ya 5 wa miaka 10 na 11 ana unene wa kupindukia, na walioathirika zaidi ni wa mitaa maskini, kama walivyokuwa wale waliokonda. Ushuru wa soda zenye sukari ulianza Aprili 2018, na watengenezaji wengi walipunguza sukari kabla haujaanza kutozwa.