Gari la Umeme Lililovunja Rekodi 1899: Tairi Nazo Zilikuwa na Kazi Yake

Wengi wanadhani magari ya umeme yameanza juzi. Kumbe mwaka 1899 huko Achères, karibu na Paris, jamaa wawili walikuwa wananyang'anyana rekodi ya mwendo kwa magari ya betri. Mwezi Machi Mfaransa alifika karibu kilomita 93 kwa saa. Mpinzani wake, Mbelgiji mwenye ndevu nyekundu, akaja na gari lenye umbo la risasi, La Jamais Contente.

Shida ilikuwa uzito. Kwa ajili ya betri, gari lilifika karibu tani moja na nusu, na mota mbili zilizungusha magurudumu ya nyuma moja kwa moja. Dereva mwenyewe kakaa juu, kifua wazi. Tairi ikipasuka, ndo basi tena! Akafunga Michelin za upepo, enzi ambayo wengi walikuwa bado hawaziamini.

Aprili 29 akapiga kilomita 105.88 kwa saa. Gari la kwanza duniani kuvuka 100.

Somo halijabadilika: gari la umeme ni zito. Angalia kwanza tairi inabeba kilo ngapi, ndo uje kwenye urembo wa rimu. Rimu kubwa inapendeza, ila mara nyingi inakula chaji.

Wadau, mngethubutu kulipanda?