Mgodi wa Kale wa Fedha Huko Mpanda na Suala la Kuporomosha Mwamba

Mkazi wa Kinondoni ameuzoea mlima wa Wazo, ambao mawe yake ya chokaa huchimbwa kwa ajili ya saruji. Kazi hiyo hufanyika juani, mbele ya macho ya watu. Lakini pembeni mwa jiji, katika vilima vya Pugu, yako mahandaki yaliyochimbwa zamani kutafuta udongo mweupe wa kaolini. Wachimbaji walikwisha ondoka, na popo wamefanya humo makao yao. Mahandaki hayo yatukumbusha kwamba mgodi wa chini ya ardhi huacha utupu, na utupu huo hautoweki siku mlango unapofungwa. Jambo hilo twataka kulitazama katika mgodi ulio mbali na Dar es Salaam, ingawa uliunganishwa nayo kwa reli: mgodi wa Mukwamba, karibu na Mpanda.

Tuanze na maneno. Fedha katika Kiswahili ni madini, tena ni mali ya mfukoni. Risasi ni madini, tena ni kile kitokacho katika bunduki. Yote mawili asili yake ni Kiarabu. Huko Mpanda yalikutana katika jiwe moja, kwa kuwa fedha ilikuwamo ndani ya galena, ambayo sehemu yake kubwa ni risasi. Kampuni ya Uruwira Minerals ndiyo iliyoendesha kazi, na kwa ajili ya mgodi huo ikajengwa reli kutoka Kaliua hata Mpanda, urefu wake kilomita 210, ikafunguliwa mwaka 1950. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Hivyo reli ikaishi kuliko kile kilichoizaa, ikawa njia ya abiria na mazao.

Mgodi mkubwa ukifa, wachimbaji wadogo hawakawii kuuliza kilichobaki. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 iliwawekea raia wa Tanzania leseni ndogo za uchimbaji, na kwa hiyo swali hilo si la wezi wa usiku. Ni swali la haki. Jibu lake mara nyingi ni nguzo. Wachimbaji wa kwanza huacha sehemu za mwamba wenye madini zisimame ili zibebe dari. Mali iliyo rahisi kuonekana katika mgodi wa kale ndiyo hiyohiyo inayouzuia usianguke.

Ndipo hutokea wazo la kuporomosha mwamba. Katika njia hii mchimbaji hukata chini ya mwamba, akauondolea tegemeo, uzito wake wenyewe ukauvunja, naye akauchota kwa midomo iliyotengenezwa chini. Baruti hupungua, na magogo pia. Kwa hiyo mtu mwenye mtaji mdogo huitamani. Lakini njia hii ina masharti. Mshipa mwembamba uliozungukwa na mwamba mgumu hauporomoki kwa utii: huning'inia, ukaacha pengo, kisha ukaanguka kwa ghafula na kusukuma upepo wenye nguvu ya kuua. Tena ardhi ya juu hutitia. Uchotaji usiopimwa si uchimbaji, bali ni bahati nasibu.

Wachimbaji wetu wana msamiati wao ulio hai. Duara ni shimo pamoja na kundi la watu walichimbalo. Matimba ni magogo yazuiayo kuta. Msamiati huo umezaliwa katika mashimo mapya, ambamo kila mtu ajua alipochimba jana. Mgodi wa kale ni kitu kingine, kwa maana aliyechimba jana hayupo. Mwaka 2015 huko Nyangalata, wilayani Kahama, wachimbaji watano waliokolewa baada ya kukaa chini ya kifusi siku 41. Twafurahi kwamba walitoka. Lakini hatuwezi kuijenga kazi juu ya muujiza.

Na hatari haiishii shimoni. Huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 ilidhihirika kwamba mamia ya watoto walikufa kwa sumu ya risasi, kwa kuwa mawe ya dhahabu yenye risasi yalisagwa nyumbani. Wa Mpanda wana sababu kubwa zaidi ya kujihadhari, maana kwao risasi ndiyo mwili wa jiwe lenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya sururu, yatupasa kutafuta ramani za mahandaki, vipimo vya nguzo, habari za maji yaliyojaa, na kumbukumbu za wazee waliofanya kazi humo. Kisha habari hizo ziandikwe kwa maneno ya duara na matimba, ili ashukaye aelewe. Mwenye leseni asiye na ramani amepewa haki ya kuingia tu. Njia ya kutokea hajapewa. Kazi ya mwanahistoria na ya mtaalamu wa lugha hapa si pambo. Nayo ni nguzo, na haifai kuchimbwa.