Taa za Omena na Giza la Mwezini: Hivi Ndivyo Macho Yako Hukuchezea

Ukiwa Sori ama Muhuru Bay usiku hakuna mwezi, cheki ziwani. Taa zimejaa huko mbali hadi unaweza dhani kuna tao ingine juu ya maji. Hao ni wavuvi wa omena. Omena hufuata mwanga, so mwezi ukiwaka sana, taa haziwavuti vile.

Sasa kodolea hiyo taa dakika moja, halafu geukia giza. Huoni kitu! Boti ingine inaweza kuwa mita chache tu na usiijue. Mboni hufunguka haraka, hiyo si shida. Shida iko nyuma ya jicho, kwa retina. Seli za kuona usiku hutumia kemikali inaitwa rodopsini. Mwanga mkali unaivunja, na kuirudisha yote huchukua kama nusu saa. Inatengenezwa na vitamini A, ambayo iko kwa omena yenyewe, manze.

Mwezini mambo ni noma zaidi. Hapa kwetu hewa husambaza mwanga, ndio maana chini ya mwembe saa sita mchana bado unasoma meseji. Mwezini hakuna hewa. Anga ni nyeusi hata mchana, na kivuli hupata tu mwanga kidogo unaodunda kutoka kwa ardhi. Neil Armstrong aliposhuka Julai 1969 alikuwa kwa kivuli cha chombo chao, na alipata shida kuona mahali pa kukanyaga. Ukitoka kivulini, jua linakupiga moja kwa moja. Helmeti zao zilikuwa na kioo kilichopakwa dhahabu kupunguza huo ukali.

Na wale husema safari ilikuwa feki juu picha hazina nyota? Simama chini ya floodlaiti ya stadi uhesabu nyota, kisha urudi tuongee.

Hata kamera huumia. Novemba 1969, Alan Bean wa Apollo 12 alielekeza kamera ya TV kwa jua bila kukusudia. Ikaungua, na watu wakakosa picha za live.

Safari za Artemis zinalenga ncha ya kusini ya Mwezi. Huko jua hukaa chini kabisa: ukiliangalia linakupofusha, ukiligeuzia mgongo unapata vivuli virefu, na ndani ya kivuli kunaweza kuwa na shimo.

Jioni ukiwa ufuoni, funika jicho moja nusu saa, lingine liangalie taa. Kisha zima taa, ufungue yote mawili. Utajua ni gani limekaa tayari.