Hela ya Mjerumani Ipitie kwa Sonara

Mwezi uliopita jamaa yangu wa Mbamba Bay alinipigia simu akihema. Ameona mtandaoni sarafu ya dhahabu ya Mjerumani yenye picha ya tembo. Mwenye nayo anataka shilingi milioni sita, na zitumwe kabla jua halijatua. Jamaa yangu anazo. Ndiyo kwanza ameuza kahawa yake kule Mbinga. Nikamwambia, haraka haraka haina baraka. Tuiulize kwanza historia.

Neno hela tunalolitamka kila siku limetokana na heller, sarafu ya Wajerumani. Zamani rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 ikafanywa kuwa heller 100. Heller hizo zilitengenezwa Berlin na Hamburg kwa mamilioni. Vijijini kwetu fedha ya Mjerumani iliingia kwa mlango wa kodi. Kuanzia mwaka 1898 nyumba ya shamba ilidaiwa rupia 3 kwa mwaka, na asiyekuwa nazo alikwenda kuzitafuta kwa jasho. Ndiyo maana katika mkebe wa bibi hukosi kukuta hela mbili tatu.

Sarafu ya tembo ni mtoto wa vita. Agosti 13, 1914, huko Liuli, mahali Wajerumani walipopaita Sphinxhafen, meli ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia meli yao, Hermann von Wissmann. Vita vikawa vimeingia Ziwa Nyasa. Baharini nako Waingereza walifunga njia, na sarafu kutoka Ujerumani zikaadimika. Mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kujipigia sarafu wenyewe katika karakana ya reli, Tabora. Za shaba zilikuwa nyingi. Za dhahabu, za rupia 15, zilitoka katika mgodi wa Sekenke, nazo hazikuzidi 16,198.

Uchache huo ndio thamani yake, na ndio chambo cha matapeli. Basi mnunuzi afanye nini? Adai picha za pande zote mbili, sarafu ikiwa juu ya mizani. Ile ya tembo ina uzito wa gramu 7 na kidogo. Rupia ya fedha ni gramu 11 na zaidi ya nusu. Ikinaswa na sumaku, hiyo si dhahabu wala si fedha. Na akiambiwa ati ina nguvu za ajabu ndani yake, akimbie. Mwenye sarafu halali naye asiisugue kwa majivu ing'are. Wakusanyaji huipenda na ukongwe wake.

Jamaa yangu alimwomba muuzaji wakutane kwa sonara, Songea mjini. Simu ikakatwa, na haijapokewa tena. Kahawa ikapona.

Siku ya pili akaniuliza juu ya hela tatu za marehemu bibi yake. Nikamweleza ukweli: ni halali, lakini sokoni hazina bei kubwa, maana wenzake ni mamilioni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema atazihifadhi. Nikamuunga mkono. Sonara atakupa uzito wa sarafu. Jasho la aliyeitafuta ili alipe kodi ya nyumba yake, hilo halina mizani.