Baharia alipewa sindano, mpagazi akapewa sanamu

Wasee wa Ngaremara, najua mtaniuliza: mabaharia na sisi wapi na wapi? Hapa maji makubwa tunayoyajua ni Ewaso Nyiro, na hata hayo kuna miezi yanakauka. Lakini hii stori inatuhusu kuliko mnavyodhani. Nipeni dakika tano.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliporudisha maelfu ya wanajeshi na mabaharia Uingereza bila mguu, bila mkono au bila macho, watu walijiuliza watakula nini. Jibu moja lilikuwa sanaa. Mwigizaji Ernest Thesiger, aliyejeruhiwa mikono vitani, alikuwa kati ya walioanzisha mwaka 1918 mradi wa kufundisha majeruhi kudarizi. Eti wanaume wa bunduki wakashika sindano na uzi! Kazi zao zikauzwa, wakapata kitu. Mwaka 1919, kanisa kuu la St Paul's, London, lilitandika madhabahuni kitambaa kilichodariziwa na majeruhi zaidi ya 130. Mwaka 1922 kikafunguliwa kiwanda ambapo walemavu wa vita walitengeneza maua mekundu ya karatasi na kitambaa, yale Waingereza huvaa kila Novemba.

Sawa. Ni kitu kizuri, sina neno. Sasa turudi huku kwetu.

Vita hivyohivyo vilipiganwa hapa Afrika Mashariki, na mabaharia walikuwepo. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili, Mimi na Toutou, hadi Ziwa Tanganyika. Zilishushwa Afrika Kusini, zikapanda treni, kisha zikavutwa nchi kavu kupitia misitu na milima ya Kongo. Nani alikata hiyo njia na kujenga madaraja? Vibarua Waafrika, maelfu yao. Mwaka huohuo Wajerumani walizamisha wenyewe meli yao Königsberg kwenye delta ya Rufiji baada ya kuzingirwa, halafu wakang'oa mizinga yake wapigane nayo bara. Hiyo mizinga haikutembea yenyewe. Ilivutwa na watu. Ukienda Mombasa, mmoja uko pale Fort Jesus, na watu hupiga nao selfi bila kujua ni migongo mingapi iliumia kwa sababu yake.

Yaani baharia alipigana, lakini meli yake ilibebwa na mtu ambaye huenda hakuwahi kuona bahari.

Upande wa Waingereza pekee, wapagazi walioandikishwa vita vyote wanakadiriwa kufika karibu milioni moja. Waliokufa ni zaidi ya 90,000, wengi wao kwa magonjwa na njaa, wala si kwa risasi. Mishahara ya maelfu ya hao marehemu haikuwahi kufikia familia zao. Serikali ilikaa nayo. Na aliyerudi akichechemea? Hakuna aliyemshikisha sindano. Alirudi kijijini, akawa mzigo wa mama yake na ndugu zake, basi.

Walichopewa ni sanamu. Ile ya Nairobi pale Kenyatta Avenue ina watu watatu, mmoja wao mpagazi. Iangalie vizuri siku ukipita: wote wamesimama imara, miguu yote ipo. Walipewa pia jina la soko, Kariokor, linalotokana na jina la kikosi chao, Carrier Corps. Na mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote, na kwamba idadi inaweza kufika 350,000. Miaka mia moja baadaye!

Mtasema hayo ni ya zamani. Haya, tuje Archer's Post, hapo tu jirani. Wanajeshi wa Uingereza wamefanya mazoezi huko kwa miongo mingi, na mabomu ambayo hayakulipuka yakabaki porini. Wachungaji wakauawa, wengine wakapoteza mikono, miguu na macho, wakiwemo watoto. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 200 wa Archer's Post na Dol Dol. Na haikuwa zawadi. Walitafuta mawakili, wakadai, wakalipwa.

Hapo ndipo naona tofauti. Harambee inategemea roho ya mwenye pesa: leo anatoa, kesho amechoka. Haki haichoki. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inataka asilimia 5 ya nafasi za umma za kuchaguliwa na kuteuliwa ziende hatua kwa hatua kwa watu wenye ulemavu. Hiyo inadaiwa, haiombwi.

Sisemi maonyesho ya sanaa ni bure. Bombolulu kule Mombasa, tangu 1969, watu wenye ulemavu wanatengeneza mapambo, nguo na vinyago na kuviuza, na hiyo ni kazi, si huruma. Sisi hapa tuna mama zetu wanaotunga shanga usiku na mchana. Tukifanya maonyesho Ngaremara siku moja, yawe hivi: aliyeumia ndiye msanii, jina lake liandikwe kwenye kila kazi, bei apange mwenyewe, na pesa zimfikie mkononi. Si picha yake itundikwe ukutani halafu wageni wanywe soda mbele yake.

Wapagazi walikosa vitu viwili, jina na malipo. Ukiona bango la maonyesho ya kusaidia walemavu, popote pale, uliza hayo mawili kwanza. Kisha toa pesa yako.