Mume, Paa na Thumuni: Tabia ya Mwenzi katika Ngano ya Sultani Darai na katika Kambi ya Lukole

Mwishoni mwa miaka ya 1990, mwanaanthropolojia Simon Turner alipofanya utafiti katika kambi ya Lukole, wilayani Ngara, alikuta lalamiko lililozoeleka miongoni mwa wanaume waliokimbia vita vya Burundi: kwamba wanawake waliiona UNHCR kuwa mume bora kuliko wao. Chakula na turubai la kuezekea vilitoka kwa wafadhili. Mwanamume hakubaki na cha kutoa. Wanaume hao waliutafsiri usemi huo kuwa dalili ya kuporomoka kwa maadili ya wanawake.

Fasihi simulizi ya Waswahili ilikwisha kuligusa suala hilo. Katika ngano ya Sultani Darai, iliyokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870, maskini anayechakura jaani anaokota thumuni na kununua paa. Paa ndiye anayeokota almasi, ndiye anayemposea bwana wake binti wa sultani, ndiye anayeua nyoka mwenye vichwa saba ili bwana apate nyumba. Hata jina la Sultani Darai ni la kubandikwa. Mkwe anaridhishwa na almasi, binti haulizwi.

Ni rahisi kuiainisha ngano hii miongoni mwa zile za kuchagua mchumba kwa tabia. Uainishaji huo una kasoro, kwa kuwa humu hakuna anayechagua tabia. Tabia hudhihirika baada ya ndoa, tena si kwa namna mume anavyomtendea mkewe. Paa anapougua, bwana anaagiza apikiwe uji wa mtama mwekundu. Kwani hakumnunua kwa thumuni tu? Mke ndiye anayempelekea kwa siri chakula kizuri na malazi. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Mke anampasha baba yake habari, naye sultani anakuja kumwomboleza mnyama. Kisha mke anaota yuko kwao, mume anaota yuko jaani, na wanapoamka ndivyo ilivyo.

Msimulizi hamhukumu mume kwa ufukara. Huo ulijulikana tangu mwanzo. Anamhukumu kwa kumdharau aliyemlisha. Kwa kigezo hicho, kosa la walalamikaji wa Lukole lilikuwa kukubali kwamba mume hupimwa kwa mgao, kipimo ambacho wasingeweza kukishinda. Nao wanawake wa kambini, tofauti na binti wa sultani, hawakuwa na kwao pa kuamkia.